Uso wa Tieshan Kila Mlango

Damu ya Qiao Laiyun ilirukia kwenye sufuria yangu ya supu, na anayedhani natia chumvi aje nimwonyeshe sufuria yenyewe. Alikuja mbio kutoka karakana ya baba yake, ng'ambo ya uchochoro wetu, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani. Alipoegemea kaunta yangu mkono ukafunguka, nikaona vidole viwili havipo. Nilimfunga kwa taulo la mezani huku nikimtukana, maana nikiogopa ndivyo nilivyo, kisha nikamwaga mtaroni supu ya kondoo ya siku nzima. Mbwa wa mtaa walishiba.

Kaka yake, Tieshan, alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana na kisu kikubwa cha kukatia karatasi mkononi. Jicho la kushoto limefinyika, la kulia limetoka nje, midomo imevutwa nyuma mpaka ufizi unaonekana, mshipa wa shingo umesimama. Nilimfahamu tangu nilipoolewa kwenye uchochoro ule, na sikuwahi kumwona na uso huo. Alinitazama kama hanijui, akarudi ndani akafunga mlango.

Baba yao, Mzee Qiao, alikuwa ndiyo kwanza amezikwa. Maisha yake yote alichonga mbao za kuchapia majemadari wa mlangoni, wale wawili wa karatasi tunaowabandika kila mwaka mpya wawazuie pepo wabaya, mmoja wa uso mweupe na mwenzake wa uso mweusi, kila mmoja kwenye ubao wake wa mti wa mpeasi. Wanatazamana. Nyumba ambayo majemadari wake wamegeuziana visogo itagombana mwaka mzima, na hilo kwetu hata mtoto analijua. Mzee alikufa bila kusema nani abaki na mbao. Tieshan alidai yeye ndiye mkubwa. Laiyun alidai yeye ndiye aliyemwosha mzee na kumgeuza kitandani. Wakakabana makoo mle karakana, jiko la makaa likapinduka, rundo lote la picha zilizokwisha kuchapwa likaungua. Laiyun akauwahi ubao wa mweupe, akaubana kwapani, na aliponyoosha mkono juu ya meza kuuchukua na ule wa mweusi, kisu kikashuka.

Polisi alipokuja hospitalini, Laiyun alimwambia kisu kiliteleza. Nilikuwepo, nikatamani kumzaba kofi.

"Mbona umemdanganya?" nilimuuliza Laiyun, polisi alipokwisha kutoka. "Una wazimu?"

"Akifungwa atakula bure na kulala, Shemeji Suqin. Hilo halinisaidii. Mimi nautaka ubao."

"Na vidole?"

"Vidole vimeshaenda. Ubao upo."

Ndivyo alivyokuwa Laiyun. Mtu mfupi, mkavu, hakuoa, alitafuna kitunguu saumu kibichi kama wengine wanavyotafuna karanga, na akishakamata neno moja kichwani hata umchome moto haliachii. Kabla ya siku ile alikuwa mchonga mbao mzuri, ingawa Tieshan alimzidi. Baada ya siku ile patasi ilikuwa inamdondoka. Alijaribu kushika kwa mkono wa kushoto akajichoma paja, akaja kwangu anachechemea nimfunge tena. Nikamwambia duka langu ni la supu, si zahanati.

Tieshan alibaki na karakana. Alichonga vibao vya kukandia maandazi ya sikukuu, akaviuza mjini, na kila alipokunywa pombe alisimama katikati ya uchochoro akapiga kelele: "Ubao wa mweusi uko chini ya kitanda changu! Anayeutaka aje kwa magoti!" Hakuwahi kuuchapa. Hatukushangaa, kwani jemadari mmoja peke yake nani atambandika? Aliwahi kujaribu kumchonga mweupe mpya kwa kukumbuka tu, na mume wangu Baoquan alipomwona alisema jemadari huyo anafanana na karani aliyenyimwa likizo. Tieshan akampasua Baoquan mdomo. Mimi nikampasua Tieshan paji la uso kwa upawa, na tukawa hatusalimiani tena.

Kumbukumbu nyingine ya mweusi hatukuwa nayo. Picha za mlangoni huliwa na jua na mvua, mwaka haujaisha hazina tena macho, na mwaka mpya ukifika unabandika mpya juu yake. Tukaanza kununua zile zinazong'aa za kiwandani, ambazo sizipendi hata kidogo.

Laiyun akajifunza kutengeneza picha kwa akili mnemba. Alianza na maboksi ya maandazi, mabango ya harusi, kondoo anayecheka kwa ajili ya duka langu, ambaye wateja walisema amenuna. Kumbe muda wote alikuwa anajizoeza kwa jambo moja. Aliupiga picha ubao wake wa mweupe, akaitia kwenye kompyuta iwe picha ya mfano, akaandika maelekezo: nitengenezee mwenzake huyu, uso mweusi, kwa mkono ule ule uliochonga huyu. Kwenye kompyuta ile kuna kijistari unachokisukuma kwa kidole, kutoka sifuri hadi mia, kuiambia mashine iifuate picha ya mfano kwa nguvu kiasi gani. Laiyun aliogopa kuupoteza mkono wa baba yake. Akasukuma mpaka tisini.

Mkono wa mzee ulikuja wote. Mikunjo ya nguo, ndevu, kucha, vyote. Lakini kwa nguvu ile mashine haikutaka kumgeuza kichwa jemadari. Ilimwelekeza kule kule anakotazama mweupe wa kwenye ubao. Laiyun akaona dawa ni rahisi, akaigeuza picha kama inavyogeuka kwenye kioo, sasa anatazama upande wa pili, kazi imekwisha. Na hapo ndipo mchonga mbao alipoponzwa na jicho lake. Watu wale wamezoea kusoma kinyume, kwa sababu ubao ukitazama kushoto, karatasi itatazama kulia. Yeye alimlinganisha mweusi wake na ubao, wakati mweusi wake hapiti kwenye ubao. Alitoka kwenye mashine ya kuchapia mjini vile vile alivyo, wakati mweupe akitoka kwenye ubao hugeuka. Mweupe alichapwa kwa mkono, mweusi akaja amefungwa kwenye furushi, wakauzwa wawili wawili wamekunjwa pamoja, na kila mtu akawafungua mkesha wa mwaka mpya, gundi ya unga ikiwa tayari imepakwa mlangoni.

"Mke wangu," Baoquan aliniita, "huyu wa huku anamkimbia huyu wa kule."

Nikatoka nikaangalia. Wote wawili walitazama upande mmoja, mweupe anamtazama mweusi kisogoni, na ukiangalia vizuri mweusi alikuwa mweupe yule yule aliyepakwa masizi. Uchochoro mzima watu walikuwa wanatoka nje wanaangalia milango yao. Maduka yamefungwa, gundi inakauka, na hakuna mahali pa kupata wengine.

Walimfuata Laiyun na mapingo ya mti ya kukomea milango. Ding, mchinja kondoo, ndiye aliyemtoa ndani kwa kumvuta nywele. "Umetuletea ugomvi majumbani, mbwa wewe!" Walimpiga mateke kwenye theluji, wakamjaza gundi mdomoni, mwanamke mmoja ambaye simtaji kwa sababu ni wifi yangu akamng'ata sikio. Nami sikumtetea. Nilisimama na ndoo yangu nikasema moyoni anastahili, na nasema wazi kwamba nilifurahi teke la Ding lilipompata.

Tieshan alikaa kizingitini kwake anapasua mbegu za alizeti. "Mzee alichonga wawili!" akapaza sauti. "Bwana fundi huyu kachonga mmoja mara mbili!" Watu wakacheka huku wanapiga. Laiyun alinyanyua kichwa kutoka chini, mdomo umejaa gundi na damu, akamtazama kaka yake muda mrefu. Ding alipochoka, wote wakaenda kula.

Mwaka uliofuata aliupitisha dukani kwangu, kwenye meza ya pembeni karibu na mlango wa jikoni, na kompyuta yake na kitunguu saumu chake. Nilimruhusu kwa sababu nilijisikia vibaya, ingawa sikumwambia. Picha ya mfano sasa aliipiga kwenye karatasi ya mweupe, si kwenye ubao. Alikishusha kile kijistari mpaka kumi, akatoka kijana mzuri, ngozi laini, meno yamepangika.

"Huyo atalinda mlango au atauza dawa ya meno?" nikamuuliza.

Akapandisha sitini. Mkono wa mzee ukarudi, na uso wa mweupe ukarudi nao. Akashusha thelathini, mkono ukapotea. Alitukana mashine, akaipiga kofi, siku moja akairusha ukutani kwangu, nami nikamrushia bakuli. Bakuli lilimpata begani, akalia kwa uchungu, kisha akaokota kompyuta akafuta vumbi.

"Nimeelewa, Shemeji," akasema. "Nisichokisema mimi, inakichukua kwenye picha ya mfano. Nimesema uso mweusi, nimesema hasira. Hayo ni maneno matupu. Inaona pengo, inalijaza na uso wa mweupe. Nikiujaza uso mwenyewe kwa maneno yangu, naweza kuishusha namba kidogo na mkono wa mzee ukabaki."

"Basi ujaze."

"Nao siukumbuki. Nimemchapa yule mweusi tangu utotoni, siukumbuki uso wake. Kila nikifumba macho unakuja mwingine."

Akaanza kuandika. Aliandika kwa mkono wa kushoto, polepole, nami nilikuwa nyuma yake nakata vitunguu, nikasoma. Jicho la kushoto limefinyika. La kulia limetoka. Midomo imevutwa nyuma, ufizi unaonekana, mshipa wa shingo umesimama, mkono wa kulia umeinua panga, anamtazama mtu aliye chini yake. Kisha akasukuma kijistari mpaka arobaini na tano, akakiacha hapo.

Picha ilipotokea kisu kilinidondoka. Alikuwa jemadari mweusi, vazi la chuma, ndevu kama alivyozichonga mzee, mistari ile ile minene inayokatika ghafla. Safari hii alikuwa amegeuka, anamtazama mweupe usoni. Na alikuwa Tieshan wa siku ile, mlangoni mwa karakana.

"Laiyun. Huyu ni kaka yako."

"Najua."

"Utambandika?"

"Kila mlango."

Nilijua anachokitaka. Tieshan angetoka nje kila asubuhi akajikuta kila upande, mpaka aulete ule ubao kwa mikono yake mwenyewe ili mweusi wa kweli achukue nafasi. Niliogopa, na sitaficha, nilipendezwa pia.

Safari hii aliwaweka wote wawili kwa karatasi, upande kwa upande, kabla ya kuwapeleka popote, akatuita tuwakague. Watu walimtukana kwanza, halafu wakatazama, halafu wakatoa pesa. Tangu mzee afe hawakuwa wameona majemadari wanaotisha namna hiyo. Wote tukawabandika. Asubuhi ya mwaka mpya, fataki zinalia, watoto wamevaa mapya, Tieshan alifungua mlango wake akatoka.

Mlango uliomwelekea ulikuwa wangu. Alisimama. Akageuka kushoto, akajiona kwa Ding. Akageuka kulia, akajiona kwa wifi yangu.

"Heri ya mwaka mpya, Tieshan!" Ding akamwita. "Umetulinda usiku kucha, njoo unywe kitu! Lakini kisu kiache nje!"

Kicheko kilikimbia uchochoro mzima. Tieshan alitembea moja kwa moja mpaka mlangoni kwangu, akaingiza kucha chini ya karatasi, akavuta. Jicho la kulia la jemadari likatoka pamoja na rangi ya mlango.

Kumchana jemadari wa mtu siku ya kwanza ya mwaka, mbele ya mwenye nyumba! Huko ni kuwafungulia wabaya mlango na kuwakaribisha chai. Nilimpiga upawa wa kichwa, nao ukapinda. Akanisukuma nikaangukia beseni la maji. Baoquan akamrukia mgongoni, akatupwa kama gunia. Tieshan akaendelea kuchana, anapumua kama fahali, vidole vinatoka damu kwenye mbao za mlango, anasema neno moja tu, "Toka, toka, toka," na hapo wakamfikia. Nimeona watu wakipigwa kwetu, lakini siku ile walimpiga kama wanaua nyoka. Alipigwa mapingo, alipigwa mawe ya kukandamizia mboga za chumvi, jino likaruka likagonga sufuria. Naye alipiga, alimvunja mtu pua, akamuuma Ding mkono mpaka mfupa. Akaanguka kwa magoti. Ding, mkono unavuja, akaliinua pingo la mlango kwa mikono yote miwili juu ya kichwa chake.

Laiyun alikuwa amesimama pembeni muda wote huo, ametulia, anatafuna kitunguu saumu. Nadhani alitaka kuona mwisho. Lakini pingo lilipoanza kushuka alikuwa tayari yuko katikati, mkono wa kulia ameuinua, ule ule wa vidole vitatu. Tulisikia mfupa. Ding akaliachia pingo likabingirika mtaroni, na kila mtu akarudi nyuma.

"Mwacheni," Laiyun alisema, amekaa chini, uso umekuwa wa majivu. "Tieshan. Leta ubao, niwaondoe wote."

Tieshan alitema damu. "Hakuna ubao."

"Usinichezee. Uko chini ya kitanda chako."

"Hakuna! Niliuchoma siku ile ile. Nilirudi ndani nikakuta vidole vyako juu yake. Damu imeingia kwenye mistari yote, imejaa mpaka machoni mwake. Nilifuta haitoki. Nikautia jikoni." Akaanza kulia, mwanamume mzima, mdomo wazi, kwenye theluji. "Ningekwambia nini? Nimekukata kwa ajili ya ubao na ubao wenyewe sina?"

Niliinuka kwenye beseni nikamtazama Laiyun. Sikuwahi kumwona mtu akipoteza kitu namna ile. Maumivu yote aliyavumilia kwa ajili ya ubao uliokuwa majivu tangu kabla sijamaliza kumfunga taulo. Nilidhani ataokota pingo amalizie kazi ya Ding. Badala yake akaniambia, "Shemeji, nisaidie kusimama," nikawaingiza wote wawili dukani, damu mpaka kwenye mabenchi, nikawapa supu, na nikawatukana mpaka sauti ikakauka.

Majemadari hawang'olewi kabla ya mwaka kwisha, kwa hiyo Tieshan aliishi mwaka ule na uso wake milangoni mwetu. Mwanzoni alitoka nje ameinamisha kichwa. Watoto walimwogopa, kisha wakamzoea. Mimi mlangoni kwangu nilibaki na jemadari wa jicho moja, sikubandika mwingine juu yake.

Wateja wakaanza kuuliza kwa nini mweupe anachapwa kwa mkono na mweusi kwa mashine. Rangi hazilingani, karatasi hazilingani. Walitaka ubao. Na kwetu aliyebaki na mikono ya kuchonga ubao ule ni mmoja. Siku moja mchana, duka halina watu, Tieshan aliingia na kipande cha mti wa mpeasi kilichokwisha kulainishwa, akakiweka kwenye meza ya pembeni, mbele ya mdogo wake. Mkono wa Laiyun ulikuwa umeungwa vibaya, umepinda kidogo.

"Nipe picha yake nichonge," Tieshan alisema.

Laiyun akaigeuza kompyuta ili aone. Tieshan hakuangalia jemadari. Aliangalia kile kijistari.

"Hicho ndicho unachosukuma?"

"Ndicho."

"Kinapanda?"

"Kinapanda mpaka mia."

Tieshan alisugua magoti yake. Sauti ilitoka ndogo, mpaka niliacha kukata nyama ili nisikie. "Basi kipandishe, mdogo wangu. Kifike tisini, kama mara ile. Mkono wa mzee unifunike."

Laiyun alimenya punje ya kitunguu saumu kwa meno, akakaa nayo mdomoni bila kutafuna.

"Nikikipandisha mzee atakufunika," akasema. "Lakini hutageuka, na kukugeuza kwa kioo ni kuchonga mweupe mmoja mara mbili tena. Utatazama kule anakotazama mweupe, atakuona kisogo mwaka mzima."

Supu yangu ilikuwa inachemka, nami sikuigusa.

"Kiache hapo kilipo," Tieshan alisema.

Laiyun akachapa ile picha. Tieshan akaipaka gundi, akailaza kifudifudi juu ya ubao, akaisugua kwa kiganja mpaka mistari ikaonekana upande wa nyuma. Kisha akachukua patasi, akamwambia mdogo wake aushikilie ubao usicheze, na Laiyun akauweka juu yake ule mkono wa vidole vitatu, karibu kabisa na chuma. Tieshan aliutazama mkono ule. Akaanza na lile jicho lililofinyika.